Nyota Haijui Utachuma Nini Kesho

Kila sifa njema inamstahikia Allah (s.w.), Aliyeziumba nyota na kuzitiisha kwa amri Yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake.

Wapo Waislamu katika miji yetu ya pwani, na bara pia, wasiofungua duka, wasioingia ubia wala kuomba kazi mpaka watazamiwe nyota. Anayekwenda kwa mpiga ramli huenda kwa kificho, kwani anajua anafanya nini. Huyu wa nyota huenda mchana kweupe, kwa kuwa anayemtazamia ni mtu wa kilemba, na kitabu kilicho mbele yake kimeandikwa kwa Kiarabu. Mtu huondoka akidhani amepata elimu ya dini. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu kukitazama kitabu chenyewe na hoja za wanaokitetea.

Hesabu isiyotazama mbingu

Kinachotumika sana ni kijitabu kinachonasibishwa kwa Abu Maashari al-Falaki. Abu Maashari wa Balkh, aliyefariki mwaka 272 Hijria (886), alikuwa mnajimu mashuhuri. Hata kama kijitabu hicho kingethibiti kuwa ni chake, kauli ya mnajimu si dalili katika sheria.

Njia yake ni hii: herufi za jina la mtu na za jina la mama yake huhesabiwa kwa abjadi, jumla hupunguzwa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo buruji yake. Tuijaribu. Muhammad ni 92. Mama yake akiitwa Fatima, ni 135. Jumla ni 227, na kinachobaki ni 11: nyota yake ni Dalu, yaani Ndoo. Lakini mama huyo huyo akiitwa Fatuma, kama wengi wanavyotamka kwetu, na jina likaandikwa kwa wau, herufi zake ni 140. Jumla inakuwa 232, na kinachobaki ni 4: mtoto sasa ni Saratani, yaani Kaa. Matamshi ya jirani yamembadilishia mtu riziki yake! Kisha afungue gazeti, atapewa nyota ya tatu kwa tarehe ya kuzaliwa. Ipi kati ya hizo aifungulie duka?

Tena hesabu hiyo haitazami mbingu kabisa. Na hao wa magazeti wanaodai kuitazama, tarehe zao ni za zamani mno. Mwishoni mwa Machi wanasema jua limo katika Hamali, hali ya kuwa kwa macho ya wanafalaki leo limo katika kundi la Hutu, kwa sababu mhimili wa ardhi husogea polepole kwa karne nyingi.

Hoja ya historia

Watetezi husema: "Mbona Khalifa al-Mansur aliwauliza wanajimu alipoanza kujenga Baghdad mwaka 145 Hijria (762)?" Ni kweli, aliwauliza. Lakini tangu lini vitendo vya wafalme vikawa dalili? Sayyidna Ali (r.a.) alipotoka kuwaendea Makhawariji wa Nahrawan mwaka 38 Hijria (658), imepokewa kwamba aliambiwa na mnajimu asitoke saa ile. Akamkanusha, akatoka kwa kumtegemea Allah, akashinda. Na al-Mu'tasim, Khalifa wa ukoo ule ule wa al-Mansur, wanajimu walimwambia kuwa wakati wa kuiteka Ammuriya haujafika. Akaiteka mwaka 223 Hijria (838).

Wengine husema: "Lakini mambo hutokea kama walivyosema." Bibi Aisha (r.a.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba watu walimuuliza Mtume (s.a.w.) jambo hilo hilo juu ya makuhani. Akaeleza kwamba neno moja la kweli huibwa na jini, kisha huchanganywa na uongo zaidi ya mia. Mfanyabiashara hulikumbuka lile moja, na mia huyasahau.

Hukumu

Katika Suratu Luqman, aya ya 34, Allah (s.w.) ametaja mambo matano aliyoyahusu kwa elimu Yake. Moja ni kwamba hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho. Tazama neno hilo: kuchuma. Anayetazamia nyota ya biashara anagusa jambo lile lile lililotajwa.

Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika Hadithi ya Ibn Abbas iliyopokewa na Abu Daud, kwamba anayechukua fungu la elimu ya nyota amechukua fungu la uchawi. Na katika Sahihi Muslim, anayemwendea mtabiri na kumuuliza haikubaliwi swala yake siku arubaini. Akiitakidi kwamba nyota ndiyo inayoleta faida na hasara yenyewe, hiyo ni shirki. Malipo anayopokea mtazamiaji nayo ni haramu, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza ujira wa kuhani.

Iko pia haki ya waja. Mwenye duka anayemnyima mtu kazi, au anayevunja ubia, kwa kuwa "nyota hazipatani", amemdhulumu Muislamu mwenzake kwa herufi za jina la mama yake.

Falaki si unajimu

Hatusemi elimu ya falaki ni haramu. Kuhesabu nyakati za swala, kuelekea kibla, na nahodha kushika njia usiku kwa nyota ni neema iliyotajwa katika Suratul An'am, aya ya 97. Mwanachuoni Qatada amebainisha kwamba nyota zimeumbwa kwa mambo matatu: pambo la mbingu, vimondo vya kuwapigia mashetani, na alama za kuongoza njia. Bahati ya duka haimo.

Wala Uislamu haukutuacha gizani. Jabir (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) akiwafundisha Masahaba Istikhara katika mambo yote kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani. Tumeamrishwa kushauriana, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Aswali rakaa mbili, aulize wajuzi wa soko, aandike hesabu zake, kisha amtegemee Mola wake.

Nasaha yetu ya mwisho ni kwa maimamu na walimu wa madrasa. Watu wanakwenda huko kwa kudhani kwamba sisi tumeridhia. Kinyamazieni kitabu hiki miaka kumi zaidi, na watoto watakirithi kama sehemu ya dini yao. Kisemeni katika hotuba na darasa, kwa upole na kwa dalili.

Wabillahi taufiq.