Kalamu Iliyokwama na Njia ya Tabora

Mtunzi akikwama husema maneno yamemkauka. Aghalabu kisichotoka si maneno bali ubeti wa kwanza, kwa kuwa mwenyewe ameutaka uzaliwe mtu mzima, vina na mizani vikiwa vimetimia. Dawa ya ugonjwa huo imo katika kitabu cha mtu asiyekuwa mshairi.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, aliyafia Unguja mwaka 1905. Miaka michache kabla ya hapo aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Hajipambi kwa dibaji. Huanza na safari fupi za sandarusi alipokuwa na umri wa miaka 12, kisha akamfuata bara baba yake, Muhammed bin Juma, aliyekuwa na makao Tabora na mke wa ukoo wa Mtemi Fundikira. Tangu hapo nathari yake hwenda mwendo wa msafara: kituo, jina la mtawala, frasila za pembe, kituo kingine. Hangoji ilhamu. Hutaja alipofika, na kule kutaja ndiko kumsukumako mbele.

Hata hivyo, wepesi huo una ila, tena kubwa. Katika safari moja wapagazi wa Kizaramo walimtoroka. Asimulia kwamba kwa siku tano alikamata watu 800. Maneno machache tu, na msafara washika njia. Watu wale hawana majina, wala hatusikii kilio cha waliobaki majumbani. Kalamu ilipita mbio mahali ilipopasa kukwama.

Kwa hiyo kukwama ni kwa namna mbili. Kuna kukwama kwa hofu ya kukosea. Mwenye hofu hiyo na amwige Tippu Tip, ataje mahali, mtu na kiasi, vina vitamkuta njiani. Na kuna kukwama kwa dhamiri, shairi linapokataa kuruka maiti. Anayetunga juu ya njia ya Bagamoyo hadi Tabora, kalamu ikamgomea kwenye neno "mpagazi", asitafute kina kitamu cha kumvusha. Na atue mzigo hapo hapo, aulize ulikuwa begani mwa nani. Huenda ubeti alioukosa ndio huo.