Alimwondoa Mtawala, Akaongeza Mume

Watengenezaji wa filamu za kauboi waling'amua zamani kwamba msiba wa ukoo unahamishika. Mwaka 1954 Edward Dmytryk alitoa Broken Lance, ambamo Mfalme Lear amekuwa mfugaji mkubwa wa ng'ombe, na mabinti zake wamegeuzwa wana wa kiume wenye jicho kwenye ardhi ya baba. Mwaka 1968 Mwitaliano Enzo Castellari akamtwaa Hamlet, akampa farasi na bastola, akamrudisha kutoka vitani akute baba ameuawa na mama kaolewa na ami yake. Mwaka 2002 Patrick Stewart akawa Lear wa Texas. Njia yao wote ni ile ile: tafuta nchi ambayo serikali haijafika, weka humo familia yenye mali, kisha ondoa kila mtu anayeweza kuamua ugomvi. Yaliyobaki yatamalizwa na bunduki.

Unguja nayo ina msiba wa namna hiyo uliohamishwa, na fundi wake ameifuata njia hiyo kinyumenyume. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948 na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya 2021, alichapisha riwaya ya Gravel Heart mwaka 2017. Ukiipitia haraka utaiona ni hadithi ya uhamiaji: Salim, kijana wa Unguja, anakwenda London, anasoma, anahangaika, na siku anaporudi mama yake keshakufa. Chini ya hadithi hiyo mna Measure for Measure ya Shakespeare, imefumuliwa na kushonwa upya. Nitaieleza mpaka siri yake, kwa kuwa ufundi ninaotaka kuuonyesha umo ndani ya siri hiyo.

Kwanza tamthilia. Mtawala wa Vienna anajidai kusafiri, anamwachia madaraka Angelo, mtu anayesifika kwa ukali wa sheria. Angelo anamhukumu kifo kijana Claudio kwa kumpa mimba mchumba wake Juliet. Isabella, dada yake Claudio, ambaye yu karibu kuwa mtawa, anakwenda kumwombea msamaha. Angelo anamtaka mwili: nipe usiku mmoja, nikuachie kaka yako. Isabella anakataa. Claudio, kifo kikimkaribia, anamsihi akubali, na dada anamkemea kwa maneno makali. Hapo ndipo Mtawala, ambaye muda wote yumo mjini kavaa joho la mtawa, anapoingia kati. Anampeleka Mariana, mchumba wa Angelo aliyetelekezwa, alale na Angelo gizani mahali pa Isabella. Kinapotakiwa kichwa cha Claudio, kinapelekwa cha haramia aliyefia gerezani. Mwisho Mtawala anavua joho, anatoa hukumu na kuoza watu. Kazi hii iliigizwa mbele ya Mfalme James mwezi Desemba 1604, na waliokusanya tamthilia za Shakespeare mwaka 1623 waliiweka kwenye fungu la futuhi. Wahakiki wamebishana juu ya uamuzi huo tangu zamani, na mimi nipo upande wa wanaoona futuhi hiyo imelazimishwa.

Shakespeare naye alikirithi kisa hicho. Mwitaliano Giraldi Cinthio alikitoa mwaka 1565, na Mwingereza George Whetstone akakifanyia tamthilia mwaka 1578. Kwa wote wawili dada anakubali. Analipa alichotakiwa kulipa, na kwa Cinthio kaka anauawa juu ya hayo. Aliyemwokoa dada ni Shakespeare, alipomwingiza Mariana. Basi Gurnah alipomfanya Saida, mama yake Salim, aende kweli kwa mkubwa wa serikali ili ndugu yake aachiwe, alikirudisha kisa kwenye mwendo wake wa kale, kabla hakijapambwa.

Tazama sasa alivyogawa nafasi. Claudio ni Amir, mdogo wake Saida, kijana mtanashati anayejipenda. Juliet ni Asha, binti wa aliyekuwa makamu wa rais. Angelo ni Hakim, mtu mzito serikalini. Na hapa Gurnah kafanya jambo ambalo Shakespeare hakulifanya: Hakim ni kaka wa Asha. Angelo wa Vienna hana undugu na Juliet, anaishikilia sheria tu. Hakim ana kisasi. Amir kamchezea dada yake, naye anamtaka dada wa Amir. Jina la tamthilia ya Shakespeare linaahidi kipimo kwa kipimo, lakini jukwaani mizani hailali sawa, maana mwisho kila mtu anasamehewa. Kwenye riwaya mizani inalala sawa kabisa, dada kwa dada, na usawa huo ndio unaotisha. Hakim hahitaji hata kujiona mwovu. Kwa hesabu yake, anadai haki ya ukoo.

Kisha Gurnah akamwondoa Mtawala. Riwayani hakuna mkubwa mwema anayezunguka mjini kwa siri akisikiliza malalamiko, hakuna Mariana, hakuna kichwa cha haramia. Tofauti na filamu za kauboi iko hapa. Kauboi anaachwa peke yake kwa sababu hakimu yuko mbali, mwendo wa siku kadhaa kwa farasi. Saida anaachwa peke yake kwa sababu dola iko karibu mno. Walioshika gereza, ofisi na magari ndio hao hao wanaomtaka, na juu yao hakuna wa kumpelekea shauri. Baba yake mwenyewe aliuawa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, kwa hiyo hahitaji kuambiwa mtu akichukuliwa huweza kupotea. Msomaji wa Unguja naye hahitaji kuelezwa. Watu hawajasahau kwamba mwaka 1970 wasichana wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, hata magazeti ya nje yakaandika. Gurnah hakuhitaji kukitaja kisa hicho ili kujenga chake. Alijua tu kwamba katika mji huu mlango wa nyumba haukuwa kinga mbele ya mwenye madaraka.

Baada ya kumwondoa Mtawala, akaongeza mume. Huu kwangu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote. Isabella ni mwali anayetaka kuingia utawani. Akikubali, jambo litabaki kati yake na Mola wake. Saida ana mume na ana mtoto. Masud, mume huyo, hana mfano wake popote katika tamthilia. Ni mfanyakazi wa Mamlaka ya Maji, mpole, amemwoa mwanamke anayempenda, na anakuta ndoa yake imetolewa fidia ya shemeji yake. Shakespeare alipima khiyana kati ya dada na kaka. Gurnah kaipitisha ndani ya nyumba nzima: shemeji, mume, mtoto, na baadaye Munira, binti ambaye Saida anamzaa na Hakim. Maana usiku mmoja haukuishia usiku mmoja. Aliyeonja nguvu yake juu ya mtu hana sababu ya kuacha.

Masud anafanya nini? Hapa ndipo msomaji aliyezoea filamu za kisasi anapoduwaa. Hachukui panga, hendi kushitaki, hapandi meli. Anahamia chumba cha nyuma ya duka huko mtaa wa Mwembeladu, akakaa. Kutoka kwao mpaka hapo ni mwendo wa miguu. Na Saida kila siku anapika, anapakia chakula kwenye kikapu, anakipeleka. Salim akishakua kidogo, kazi ya kikapu inakuwa yake: anakwenda na chakula cha leo, anarudi na vyombo vitupu vya jana, na baba hamwambii neno la maana.

Kikapu hicho ndicho chombo bora katika kitabu kizima. Kwa kitu kimoja tu mwandishi ameonyesha kwamba mke hakuacha kupenda, kwamba mume hakuweza kusamehe lakini hakuweza pia kukataa chakula chake, na kwamba mtoto amefanywa tarishi wa barua ambayo haruhusiwi kuisoma. Kwenye jukwaa la Shakespeare haya yangehitaji mazungumzo marefu. Hapa hakuna mazungumzo. Kuna mtoto, njia ya kwenda Mwembeladu, na vyombo.

Utaratibu wa kutoa habari nao umegeuzwa. Mtazamaji wa Measure for Measure anajua kila kitu mapema. Toka tendo la kwanza anajua mtawa yule ni Mtawala, kwa hiyo hata Claudio anapolia, sisi tumetulia. Gurnah katuweka nyuma ya macho ya mtoto wa miaka saba anayeona matokeo bila kuona sababu. Baba kaondoka. Mama yuko kimya. Mjomba anazidi kung'ara. Sehemu ya kwanza inakwisha hatujui, sehemu ya pili inakwenda mpaka London hatujui, na ni katika sehemu ya tatu, mama akiwa kaburini, ndipo Masud anapokaa na mwanawe usiku na kumsimulia. Yale ambayo kwa Shakespeare ni moyo wa mchezo, yaani dai la Angelo na kilio cha Claudio, hapa yanakuja mwisho kabisa, kwa mdomo wa mtu aliyeyabeba miaka yote bila kuyasema. Salim, aliyekwisha kusoma fasihi, anakitambua kisa na kukilinganisha na tamthilia.

Sehemu ya London ni ndefu, na kuna kurasa ninazodhani zingepunguzwa bila hasara. Hata hivyo ina kazi moja isiyoweza kutupwa. Mwenyeji wa Salim kule ni Amir, sasa mwanadiplomasia, mume wa Asha, mwenye nyumba nzuri. Kwetu mjomba ana haki juu ya mpwa, na mpwa anatakiwa amtii. Amir anaitumia haki hiyo yote: anamchagulia masomo, anamkaripia, na mwishowe anamfukuza. Msomaji akishajua siri, akirudia kurasa hizo, anaona kila sahani iliyokuwa mezani mwa mjomba ililipiwa na mama wa mtoto anayekaripiwa. Shakespeare alimsahau Claudio mwishoni, hakumpa hata neno moja la kusema baada ya kuokolewa. Gurnah kamfuata Claudio nyumbani kwake, akaonyesha maisha yaliyonunuliwa kwa mwili wa dada yanafanana na nini.

Na lile jina la riwaya limetoka gerezani Vienna, tendo la nne, katika maneno ya Mtawala kuhusu Barnardine, mfungwa mlevi anayekataa kutoka kwenda kuuawa, asiyefaa kuishi wala kufa. Mtu huyo wa pembeni, ambaye Shakespeare alimpa dakika chache tu, ndiye ninayemwona katika chumba cha nyuma ya duka. Masud kajifunga mwenyewe. Mtawala ameachiwa maneno mawili juu ya jalada, basi.

Mwaka 2021 Amil Shivji aliipeleka Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi kwenye filamu, na ikathibitika kwamba riwaya ya mji huu inaweza kubebwa na kamera ya watu wa hapa. Gravel Heart nayo inamngojea mtayarishaji, wa filamu au wa jukwaa. Atakayeithubutu ninamwomba mambo mawili. Asimtie mkubwa mwema wa kuja kuwaokoa watu dakika ya mwisho, hata wafadhili wakimshauri hivyo. Na kile kikapu akionyeshe kila siku kinapokwenda, kwa urefu wa njia nzima, mpaka mtazamaji achoke pamoja na mtoto.