Deni Asilolisoma Mkopaji: Uhakiki wa Filamu ya Mother India

Wahakiki wengi wa Mother India (1957), filamu ya Kihindi iliyoongozwa na Mehboob Khan, huanza na mama na kumalizia kwa mama. Si ajabu. Radha, anayeigizwa na Nargis, anavuta plau kwa mabega yake, anapoteza watoto kwa mafuriko na njaa, na mwishowe anampiga risasi mwanawe Birju anapomteka binti wa watu siku ya arusi yake. Sisi tunapendekeza wanafunzi waianzie filamu hii mahali pengine, yaani kwenye mkopo.

Mama mkwe wa Radha alikopa rupia 500 kwa Sukhilala, mla riba wa kijiji, ili agharamie arusi ya mwanawe Shamu. Masharti yanapozua ubishi, shauri linapelekwa kwa wazee, nao wanampa ushindi Sukhilala. Tangu hapo robo tatu ya mavuno ni yake kama riba, na deni lenyewe liko pale pale. Tuangalie visa vilivyofungamana: ni kwa sababu ya robo tatu hiyo Radha na Shamu wanakwenda kufyeka shamba la mawe, na ni jiwe la shamba hilo linalomponda Shamu mikono yote miwili. Aibu inamshinda, anaondoka, haonekani tena. Watoto hawajui kwa nini baba hayupo. Daftari la Sukhilala linajua.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana njia yake ya kuingia hapa. Hisab ya Kihindi ni hesabu yetu, zote zikitoka Kiarabu. Hundi, bima, laki na rupia zilitufikia kutoka Bara Hindi pamoja na biashara. Rupia yenyewe ilikuwa fedha ya Kenya na Uganda hadi 1920. Karibu yote haya ni maneno ya duka na daftari. (Swali zuri la semina: kwa nini maneno hayo, na si ya shamba?)

Udhaifu wa filamu, kwa maoni yetu, uko katika nusu ya pili. Suala la nani anaweza kusoma alichoafiki linaguswa, kisha linaachwa lizame katika suala la heshima ya wanawake wa kijiji. Birju, anayeigizwa na Sunil Dutt, anakuwa jambazi na kumwua Sukhilala. Mama anamwua Birju. Machozi ni ya kweli, lakini kifo cha mla riba mmoja hakimfundishi mkulima kusoma karatasi ya mla riba mwingine. Hata mfereji ambao Radha mzee anaombwa kuufungua unajibu ukame tu.

Tena Mehboob alikwisha kukisimulia kisa hiki mwaka 1940, katika filamu ya Aurat. Kati ya filamu hizo mbili India ilipata uhuru, mwaka 1947. Radha alipewa mwigizaji mpya, rangi, na mfereji. Sukhilala aliigizwa na Kanhaiyalal mwaka 1940, na mwaka 1957 akaigizwa na Kanhaiyalal yule yule.