Nusu Dakika ya Mwepu Ilunga: Uhakiki wa Kanda za Zamani za Kandanda na Hatima ya Wachezaji wa Zaire ya 1974

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna kanda za zamani za kandanda zinavyowahifadhi wachezaji mahiri wa zama zilizopita na, wakati huohuo, zinavyowapotosha. Mfano unaochunguzwa ni timu ya taifa ya Zaire katika Kombe la Dunia la 1974, hususan beki Mwepu Ilunga na mshambuliaji Ndaye Mulamba. Inajengwa hoja kwamba dondoo fupi la video halitoshi kuwa ushahidi wa kumhukumu mchezaji, na kwamba usomaji wa mchezo mzima ni kazi ya uhakiki inayohitaji makavazi yaliyo wazi kwa wahakiki wa kanda hii.

Dondoo na matini

Tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Brazili ilipata mpira wa adhabu karibu na lango la Zaire. Wachezaji wa Brazili wakasimama kuuzunguka mpira, ukuta wa Zaire ukapangwa, na mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania akapuliza kipenga. Kabla Mbrazili yeyote hajaugusa mpira, beki wa kulia wa Zaire, mwenye jezi namba 2, alichomoka ukutani, akaufikia na kuupiga mbali kuelekea nusu ya pili ya uwanja. Akaonyeshwa kadi ya manjano. Tukio zima halizidi nusu dakika.

Nusu dakika hiyo ndiyo karibu yote ambayo dunia inaijua kuhusu Mwepu Ilunga. Kwa miongo mingi imewekwa katika mikusanyo ya vichekesho vya kandanda, baina ya walinda mlango walioteleza na wachezaji waliojifunga. Mtangazaji wa Uingereza aliyekuwa akiueleza mchezo huo aliliita tukio hilo ujinga wa Kiafrika, na maneno yake yamesafiri pamoja na picha kana kwamba ni sehemu yake. Hapo pana jambo ambalo mhakiki wa fasihi atalitambua mara moja. Kanda ya mchezo ina picha na ina msimulizi, na msimulizi huyo si mchezo wenyewe. Mtazamaji anayezima sauti ya dondoo hilo anabaki na kitendo kisicho na maelezo: mtu mmoja amekataa kusubiri. Ujinga haumo katika picha. Uliongezwa na sauti.

Katika uhakiki wa tenzi, hakuna mtaalamu anayekubali hukumu ya mtunzi itolewe kwa ubeti mmoja uliokatwa na kusomwa na mtu asiyeijua lahaja yake. Katika kandanda kosa hilo hufanywa kila siku, na hufanywa pia na waandishi wa historia ya michezo ambao wangepaswa kujihadhari. Matini ya Mwepu katika Kombe la Dunia ni michezo mitatu, dakika 270. Dondoo ni nusu dakika.

Dakika 270 zinavyosomeka

Matokeo ya jumla yanajulikana: Zaire ilifungwa 2-0 na Uskoti mjini Dortmund tarehe 14 Juni, 9-0 na Yugoslavia tarehe 18 Juni, na 3-0 na Brazili. Mabao kumi na manne, bila kufunga hata moja. Takwimu hizi zimekuwa zikitumika kuthibitisha kwamba nchi ya kwanza ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia haikustahili kuwapo.

Mchezo wa Dortmund, ukitazamwa wote, hauungi mkono hukumu hiyo. Peter Lorimer alifunga dakika ya 26, Joe Jordan dakika ya 34, na baada ya hapo Uskoti haikupata bao lingine kwa karibu saa nzima ya mchezo. Kipindi chote cha pili kilikwisha bila bao. Uzito wa jambo hilo ulionekana siku nane baadaye. Yugoslavia, Brazili na Uskoti zilimaliza zikiwa na pointi sawa, wala hakuna hata moja iliyofungwa. Kilichozitenganisha ni tofauti ya mabao, na iliyoaga mashindano ni Uskoti. Brazili, iliyokuwa imetoka sare tasa mara mbili, ilihitaji mabao matatu dhidi ya Zaire. Bao la tatu, la Valdomiro, lilichelewa hadi dakika ya 79. Kwa maneno mengine, mabingwa watetezi wa dunia walibaki roho mkononi kwa dakika 79 mbele ya timu ambayo madondoo ya video yanaionyesha kama kundi la watu waliopotea njia.

Kinachotatiza ni kwamba ubora uliowazuia Waskoti na kuwachelewesha Wabrazili ni wa aina ambayo kamera ya 1974 haikuwa na uwezo mkubwa wa kuuona. Kamera kuu ilikaa juu, usawa wa mstari wa kati, ikaufuata mpira. Skrini ya zama hizo ilikuwa nyembamba kuliko ya leo, hivyo katika picha moja huonekana sehemu ndogo tu ya wachezaji ishirini na wawili. Beki mzuri hufanya kazi yake kabla mpira haujafika: husogea hatua mbili, hufunga njia, na pasi iliyokusudiwa haipigwi. Kitendo hicho hakina picha. Mtazamaji hana budi kukisoma kwa kinyume, kwa kuangalia mshambuliaji aliyeinua kichwa, akasita, kisha akaurudisha mpira nyuma. Katika michezo ya Zaire na Uskoti na Brazili, kusita huko ndiko kunakopaswa kuhesabiwa. Bwanga Tshimen, aliyekuwa Mchezaji Bora wa Afrika wa 1973, alicheza katika safu hiyohiyo ya ulinzi, lakini hakuna dondoo mashuhuri linalomhusu. Ustadi wake ulikuwa wa kuzuia mambo yasitokee, na yasiyotokea hayakatwi wala kuunganishwa katika mikusanyo.

Mlinda mlango ana bahati mbaya zaidi. Kazadi Mwamba hukumbukwa kwa mipira iliyompita, kwa sababu mabao ndiyo yanayorudiwa. Mpira wa Valdomiro uliopenya kwake umeonyeshwa mara nyingi kuliko yote aliyoyaokoa.

Kanda za zamani zina pia lugha ya zama zake. Mtazamaji wa leo huona mchezo wa 1974 kuwa wa polepole, na hudhani wachezaji hawakuwa na nguvu. Anasahau kwamba hadi 1992 mlinda mlango aliruhusiwa kuudaka mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu, hivyo kumkimbilia beki mwenye mpira hakukuwa na faida kubwa. Na kwamba timu iliruhusiwa kubadilisha wachezaji wawili tu, kwa hiyo wengi walipaswa kuigawa pumzi yao kwa dakika tisini. Kumlinganisha mchezaji wa wakati huo na wa leo bila kuzingatia sheria hizo ni sawa na kumlaumu mshairi wa karne ya 19 kwa kutumia msamiati wa karne ya 19.

Mchezo na robo wa Ndaye Mulamba

Mfano wa Ndaye unatia uchungu zaidi. Mwezi Machi 1974, nchini Misri, Zaire ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Fainali dhidi ya Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika michezo hiyo miwili yalifungwa na Ndaye. Katika mashindano hayo alifunga mabao tisa, na hakuna mchezaji aliyewahi kufunga zaidi katika fainali za mashindano ya mwaka mmoja.

Miezi mitatu baadaye alikuwa Ujerumani. Alicheza dhidi ya Uskoti. Dhidi ya Yugoslavia, kwenye vurugu ya wachezaji kupinga bao la nne, mtu fulani alimpiga teke mwamuzi kutoka Colombia, na aliyetolewa kwa kadi nyekundu ni Ndaye, kabla ya dakika 25 kutimia. Inakubalika sasa kwamba aliyepiga teke ni Mwepu, naye mwenyewe alilikiri jambo hilo. Ndaye hakucheza tena katika mashindano hayo. Basi Kombe la Dunia, hazina kubwa kuliko zote ya picha za kandanda za mwaka ule, limemhifadhi mfungaji huyu kwa mchezo mmoja na robo hivi, na robo hiyo inamalizika kwa kosa la mtu mwingine. Ukubwa wake uko katika kanda za Misri, ambazo ni haba na hutazamwa na wachache. Mwaka 1998, katika fainali za Afrika nchini Burkina Faso, alikumbukwa kwa dakika moja ya ukimya baada ya kuenea habari kwamba amefariki. Alikuwa hai, tena aliishi hadi 2019.

Mwaka huohuo wa 1974, tarehe 30 Oktoba, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, katika uwanja wa 20 Mei, nyumbani kwa timu ya taifa. Picha zilizopigwa wakati huo zilikaa zaidi ya miaka ishirini kabla hazijatokea katika filamu ya Leon Gast mwaka 1996, na hazikupotea, kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye haki nazo na nia ya kuzitumia. Jiji lile lile na mwaka ule ule vilitoa hatima mbili tofauti za kumbukumbu. Kilichozitofautisha hakikuwa thamani ya waliopigwa picha.

Simulizi ya pili nayo ina kasoro

Katika miaka ya karibuni dondoo la Mwepu limepata maelezo mapya. Inasimuliwa kwamba wachezaji hawakulipwa walichoahidiwa, kwamba walifikiria kugoma kabla ya mchezo wa Yugoslavia, na kwamba baada ya kipigo hicho watu wa Mobutu waliwaonya wasifungwe zaidi ya mabao matatu na Brazili, la sivyo wasirudi nyumbani. Mwepu mwenyewe alitoa maelezo zaidi ya moja: mara kitendo chake kilitokana na hofu na haja ya kupoteza muda, mara kilikuwa hasira na kutaka kutolewa uwanjani. Haikosi kusemwa kwamba sheria aliijua. Wachezaji waliozitoa Morocco na Zambia ili kufika Ujerumani hawakuwa wageni wa mpira wa adhabu.

Masahihisho haya yalihitajika. Hata hivyo yamekuja na upungufu wake. Waandishi wengi wa Ulaya waliokuwa wakimcheka Mwepu sasa wanamhurumia, lakini kitu wanachokitazama ni kilekile: nusu dakika ileile. Kutoka mjinga amekuwa mhanga, na katika hali zote mbili hajawa mchezaji. Huruma hiyo haimlazimu mtu kuketi na kuzitazama dakika 270. Uhakiki wa haki ungeanza na swali la kawaida kabisa ambalo shabiki yeyote wa Lubumbashi angeliuliza kuhusu beki wa TP Mazembe: alicheza vipi? Klabu hiyo, ikiitwa Englebert, ilikuwa ya kwanza kutwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara mbili mfululizo, 1967 na 1968, na watu wake hawakuwa na desturi ya kuwavumilia mabeki wabovu.

Majina, haki na masikio

Mtafiti anayetaka kujibu swali hilo hukutana kwanza na tatizo la majina. Sera ya uhalisia ya Mobutu iliondoa majina ya Kikristo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mchezaji mmoja akaorodheshwa kama Mwepu Ilunga, Ilunga Mwepu au Joseph Mwepu. Mwingine kama Ndaye Mulamba, Mulamba Ndaye au Pierre Ndaye. Katalogi zilizotayarishwa Ulaya hazikujua jina lipi litangulie, na kanda iliyoandikwa kwa jina lisilotarajiwa ni kama haipo. Kazi ya kuunganisha majina haya haina gharama kubwa, nayo ingefanywa vizuri zaidi na wazungumzaji wa lugha za huko kuliko na mtu mwingine yeyote.

La pili ni haki. Picha za Kombe la Dunia na za Kombe la Mataifa ya Afrika hazimilikiwi na nchi zilizocheza. Mashirika ya utangazaji ya taifa hurusha mchezo kwa mkataba, na mkataba ukiisha nakala haiwi mali ya umma. Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa fainali za Afrika za 2027. Washauri wa sera katika nchi hizo wana nafasi ya kudai, ndani ya mikataba yenyewe, kifungu kinachoruhusu makavazi ya taifa na vyuo vikuu kuhifadhi michezo yote mizima kwa ajili ya utafiti, pamoja na sauti ya watangazaji wa Kiswahili. Uwezo wa kudai hupungua mashindano yakishamalizika.

La tatu halihitaji kusubiri mkataba wowote. Kanda isiyo na msimulizi mwadilifu inaweza kupewa msimulizi mwingine. Mchezaji aliyekuwapo uwanjani aketishwe mbele ya mchezo mzima, atazame kwa mwendo wake, asimamishe picha anapotaka, aeleze kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwa Lingala au kwa lugha yoyote anayoimudu kwa nini alisogea upande huu na si ule. Maneno yake yarekodiwe kando, yakiwa na dakika na sekunde zake. Hii ni fasihi simulizi katika maana yake kamili, na haihitaji leseni ya kurusha picha. Mwepu alifariki 2015, na Ndaye miaka minne baadaye. Katika kikosi kile wapo wanaoweza bado kuulizwa.