Kadi ya mtandao kwa nyumba ya kihambani

Moshi ina watu wengi wanaoishi kwa picha na video za mlimani, na wengi huhariri nyumbani. Kompyuta iko chumba kimoja, hifadhi ya mafaili chumba kingine, pengine nyumba ya pili ndani ya kihamba kilekile, yaani shamba la ukoo. Kuhamisha gigabaiti 100 kwa mtandao wa gigabiti moja huchukua kama robo saa. Hapo ndipo mtu huanza kuulizia kadi ya kasi zaidi.

Kadi hiyo haiongezi kasi ya intaneti. Kifurushi cha megabiti 20 kitabaki cha megabiti 20. Kinachobadilika ni mwendo wa data kati ya mashine zako wenyewe.

Anza na diski. Gigabiti moja hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, wakati diski ya kuzunguka ya siku hizi hufika 150 hadi 250, kwa hiyo mtandao ndio unaoichelewesha. Kadi ya gigabiti 2.5 hutoa karibu 280 na kumaliza tatizo hilo. Ya gigabiti 10 namshauri tu mwenye SSD pande zote mbili. Swichi nayo lazima iwe ya kasi hiyo, au uunganishe mashine mbili moja kwa moja.

Halafu fungua kasha. Kompyuta nyingi za mtumba ni zile nyembamba za ofisini, na kadi yenye kibati kirefu haiingii humo hata ukiibembeleza. Mwambie muuzaji akupe na kibati kifupi. Sloti ndogo ya PCIe x1, hata ya kizazi cha pili, hubeba megabaiti 500 kwa sekunde, inatosha kabisa kwa 2.5. Kadi za gigabiti 10 zilizotolewa kwenye seva, kama Intel X540, zinataka sloti ndefu na feni ya kuzipuliza, maana zimezoea upepo mkali wa seva. Kwa 2.5, kadi yenye chipu ya Realtek RTL8125 inatosha. Linux inaitambua tangu toleo la 5.4. Intel I225-V za mwanzo ziepuke, zilijulikana kwa kupoteza pakiti.

Kebo ndiyo inayowaangusha wengi. Kiwango cha 802.3bz cha mwaka 2016 kinaruhusu gigabiti 2.5 kwenye Cat5e hadi mita 100, kwa hiyo si lazima kubomoa ukuta. Lakini hiyo ni kwa kebo ya shaba tupu. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe: ukibaki mwekundu ni shaba, ukitokea mweupe ni alumini iliyopakwa shaba juu. Huo wa pili hukatika kirahisi ukikunjwa, na data hufifia mapema ukiwa mrefu. Kadi ya bei yoyote haiwezi kuurekebisha.

Kibosho, Machame na Marangu kuna suala ambalo miongozo ya ng'ambo hailipi uzito. Nyumba ya baba na ya mtoto ziko kihamba kimoja, migomba na mfongo (mfereji wa kumwagilia) katikati, na masika huja na radi. Ukitandaza waya wa shaba kati ya nyumba hizo umeunganisha ardhi mbili. Radi ikipiga karibu, umeme hupita humo na kuunguza kadi, swichi na pengine ubao mama, pande zote mbili kwa mpigo. Kwa hali hiyo mimi nachagua kadi yenye tundu la SFP+, mfano Intel X520 au Mellanox ConnectX-3 zilizotumika, kisha faiba. Kioo hakipitishi umeme, na faiba ya OM3 hubeba gigabiti 10 hadi mita 300, zaidi ya upana wa vihamba vingi.

Ipitishe ndani ya bomba, mbali na njia ya mfongo, maana majembe huchimba hapo kila mfongo unaposafishwa. Na dukani usikubali faiba yenye uzi wa chuma ndani au ganda la chuma nje: chuma hicho kitaurudisha umeme uleule uliokuwa unaukimbia.