Pini Mbili na Waya Mmoja

Kiwiko hakipendi plasta. Ukikifunga kwa wiki nyingi kinakakamaa, na mtu mzima anaweza kubaki na mkono usiofika mdomoni. Ndiyo maana mfupa wa kiwiko ukivunjika na kuachana, daktari huufunga kwa vyuma imara kiasi cha kumruhusu mgonjwa aanze kukunja mkono siku chache tu baada ya kushonwa. Kila nilichokiona katika chumba cha upasuaji kilikuwa kinaelekea huko.

Mgonjwa alianguka kutoka kwenye bodaboda akatua kwa ncha ya kiwiko. Ncha hiyo, olekranoni, ni sehemu ya juu ya mfupa wa ulna, na ndipo unaposhika msuli wa trisepsi. Ikivunjika, trisepsi hukivuta kipande juu na mkono haunyooki tena kwa nguvu zake wenyewe. Eksirei ilionyesha mvunjiko mmoja wa kukingama, vipande viwili safi. Mvunjiko wa namna hiyo hufaa pini mbili na waya. Mfupa ungekuwa umesagika, daktari angechukua bamba na skrubu, kwa sababu waya ukikazwa juu ya mfupa uliosagika huufupisha. Mzee dhaifu asiye na kazi nzito huenda asipasuliwe kabisa.

Alilazwa ubavu, mkono umeegemezwa juu ya mhimili wenye sponji, mkanda wa kuzuia damu umefungwa karibu na bega. Daktari alichora kwanza kwa kalamu: mstari ulioshuka nyuma ya mkono, ukapinda upande wa nje kuikwepa ncha ya kiwiko, ukaendelea chini. Kovu lisije likakaa pale mtu anapoegemea meza. Upande wa ndani hupita neva ya ulna, ileile inayopiga shoti hadi kidole cha mwisho ukijigonga kiwiko. Aliipapasa akajua ilipo, na tangu hapo kila chombo kilichoelekea upande ule kilikwenda polepole.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoihusudu kuliko zote, na haikuacha chuma chochote mwilini. Alisafisha ufa. Damu iliyoganda ikatolewa kwa kijiko kidogo na maji ya chumvi. Utando unaofunika mfupa ulikuwa umejikunja na kuingia ndani ya ufa. Aliuinua ukingoni kwa milimita moja au mbili tu, kwa maana utando huo huulisha mfupa. Kisha akakinyoosha kiwiko ili trisepsi ilegee, akakishusha kipande mahali pake, akakibana kwa koleo lenye ncha kali, ncha ya chini ikishika katika kitundu alichokitoboa kwenye ulna. Meno ya mfupa yaliingiana. Mimi ningesema imekwisha. Yeye aliinama, akatazama, akaliachia koleo.

“Sista, niongezee maji.”

Akaosha tena, akaondoa chembe ya mfupa ndogo kuliko punje ya mchele, akabana upya. Safari hii ufa ulibaki uzi mwembamba tu. Ndani ya kiungo, upande mmoja wa gegedu ukibaki umeinuka juu ya mwenzake hata kwa milimita 2, kiungo kinaweza kusagika miaka ijayo, na hakuna waya wa kurekebisha kosa hilo.

Pini zikafuata, kila moja ya unene wa milimita 1.6. Zimechukua jina la Martin Kirschner, mpasuaji wa Kijerumani aliyezileta mwaka 1909. Drili ilizisukuma sambamba kutoka ncha ya olekranoni, zikavuka ufa, zikang'ata ukuta wa mbele wa ulna. Zikipita mno mbele huzuia kiganja kugeuka, kwa hiyo alizirudisha nyuma kidogo, akiacha nafasi ya kuzigongea baadaye. Sentimita 4 hivi chini ya ufa alitoboa tundu la kukingama, akapitisha waya laini wa milimita 1, akaukatisha mgongoni mwa mfupa kwa umbo la namba nane. Juu, waya ulipita chini ya kano ya trisepsi, umegusa mfupa, ukiongozwa na sindano nene yenye uwazi ndani.

Waya hukaa mgongoni mwa mfupa kwa kanuni aliyoieleza Friedrich Pauwels: nguvu ya msuli inayotaka kuufungua ufa kiwiko kinapokunjwa hugeuzwa iubane upande wa kiungo. Daktari alisokota vitanzi viwili, kimoja kila upande, akivikaza kwa zamu kama mpiga udi anayetafuta sauti. Ukizidisha robo ya mzunguko, waya unakatika.

Alizipinda ncha za pini, akazikata, akazigongea hadi zikazama chini ya kano, akaishona kano juu yake. Kabla ya kufunga ngozi alikikunja kiwiko, akakinyoosha, akakigeuza kiganja juu na chini, huku jicho likiwa kwenye picha ya eksirei. Ufa haukusogea.

Mazoezi huanza mapema, ila kusukuma na kuinua vitu vizito kunasubiri mfupa uungane. Nyama ya mahali pale ni haba, hivyo wagonjwa wengi huhisi vyuma vikichoma chini ya ngozi na hurudi kuvitoa mfupa ukishapona. Daktari alimweleza mgonjwa hayo yote kabla hajatia sahihi.