Ngano Ile Ilivunwa na Nani? Gainsborough na Suala la Ardhi

Tunapofundishwa uchoraji wa mandhari, mara nyingi tunaelekezwa kutazama mwanga, umbali na rangi ya mawingu. Picha ya Thomas Gainsborough iitwayo Bwana na Bibi Andrews, iliyochorwa Uingereza mnamo 1750 hivi, inadai zaidi ya hapo. Upande wa kushoto, chini ya mwaloni, Robert Andrews amesimama na bunduki kwapani, mbwa wake kando. Mkewe Frances ameketi kwenye benchi. Kulia, zaidi ya nusu ya picha, ni shamba lao karibu na mji wa Sudbury.

Shamba hilo ndilo linalostahili kusomwa. Ngano imekwisha kukatwa na kufungwa miganda. Mabua yamepangika katika mistari iliyonyooka, dalili ya mbegu kupandwa kwa mashine badala ya kutupwa kwa mkono. Kondoo wamo ndani ya uzio. Lakini mvunaji hayumo hata mmoja. Kazi yao imechorwa, wao wameachwa.

Mwaka 1972 John Berger aliandika kwamba wawili hawa ni wenye mali kabla ya kuwa wapenzi wa maumbile, na kwamba umiliki huo unaonekana hata nyusoni mwao. Wapo waliompinga, wakasema wanandoa hao wanafurahia tu uzuri wa asili, kama wanafalsafa wa zama zile walivyohimiza. Mimi niko upande wa Berger, na ushahidi wangu ni ile bunduki. Kwa sheria ya uwindaji ya 1671, ambayo ilikuwa bado inatumika, mtu wa kawaida asiye na ardhi yenye kumpa pato la pauni 100 kwa mwaka hakuruhusiwa kuwinda. Kibarua aliyeivuna ngano ile, akimnasa sungura katika shamba lilelile, alikuwa mhalifu. Maumbile gani hayo yanayofurahiwa kwa hati ya ardhi?

Hata hivyo, Berger anampita mchoraji upesi mno. Gainsborough alipenda mandhari. Sura za matajiri zilikuwa riziki yake tu, na baadaye aliilalamikia kazi hiyo katika barua. Hapa amewasukuma wateja wake pembeni ili apate nafasi ya mawingu na mashamba. Ajabu ni kwamba sehemu ya mapajani mwa Frances hakuimalizia, ilhali ngano ameichora mganda kwa mganda.